Maswali na majibu: Kijana wa kesi na mwiko wa uashi

Toleo lililopita niliandika kwamba kijana aliyepita mikononi mwa polisi na mahakama, akifundishwa ujenzi sawasawa, Tanga inapata fundi. Barua zikamiminika. Nimeziacha zile za matusi, na zile zinazoniomba namba ya simu ya mkuu wa chuo.

*Mwanangu ana miaka 16. Alikamatwa na wenzake kwa wizi wa nyaya, yuko mahabusu ya watoto hapa Tanga. Je, atasomeshwa uashi humo humo na kutoka na cheti? (Mama, Makorora)*

Pole, mama. Hatatoka na cheti, na anayekuahidi hivyo anakuongopea. Mahabusu ya watoto ni pa kumweka mtoto ambaye kesi yake haijaisha. Leo yupo, kesho dhamana imekubaliwa, keshokutwa kesi imefutwa. Kozi ya ufundi haiwezi kupangwa juu ya muda ambao hakuna anayejua utaisha lini. Kinachowezekana humo ni kuanza: kushika mwiko, kusoma timazi na pima maji, vile vifaa vya kupimia wima na ulalo wa ukuta, kupanga mistari mitatu ya tofali ikanyooka. Si haba, mtoto aliyezoea kuambiwa hafai akiona ukuta wake umesimama wima hubadilika hata namna ya kujibu salamu.

Sasa hukuuliza, lakini nakwambia. Peleka cheti chake cha kuzaliwa mapema, nakala na halisi. Mtoto mrefu mwenye sauti nzito huandikwa miaka 18 bila mtu kuuliza, na hapo mambo yote yanageuka, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumfunga jela aliye chini ya miaka 18. Pili, mtafute afisa ustawi wa jamii usimngoje akutafute. Ripoti yake kuhusu mtoto na nyumbani kwenu ndiyo hakimu anayoisoma kabla ya kuamua. Mwambie kuna mjomba atakayemsimamia, kuna nafasi ya chuo mnayoifuatilia, kuna mahali pa kulala. Mahakama ikiona nyumbani hakuna kitu, inaweza kumpeleka shule ya maadilisho, yaani ya kurekebisha tabia ya watoto waliotiwa hatiani, nayo iko Irambo, Mbeya. Piga hesabu ya nauli ya kwenda kumwona mtoto Mbeya kutoka Makorora, utaelewa kwa nini nang'ang'ania abaki hapa chini ya uangalizi na asome hapa.

*VETA, vyuo vya ufundi stadi vya serikali, wanampokea kijana mwenye kesi? Na fomu zinatoka lini? (Wasomaji kadhaa)*

Wanapokea mwanafunzi, kesi haikai darasani. Mwambieni tu mwalimu wake tarehe za mahakama mapema ili asionekane mtoro. Kuhusu fomu, jamani, nimeshajibu mpaka nimechoka: kozi ndefu huanza Januari, fomu hutoka miezi kadhaa kabla, na ubao wa matangazo uko wazi kwa kila mwenye macho. Ada ambayo vyuo vya VETA vimekuwa vikitoza kwa kozi ndefu, shilingi 60,000 kutwa na 120,000 bweni, siyo inayowashinda watu. Kinachouma ni vifaa, ovaroli, buti na nauli ya kila siku, na hapo ndipo wazazi wengi huishia njiani mwezi wa tatu.

*Mimi ni fundi, Pongwe. Nimewachukua vijana wawili wa miaka 15 waliotoka mahabusu niwafundishe kazi. Wanabeba kokoto, wanakoroga zege, nawapa chakula. Majirani wanasema navunja sheria. Huu si wivu?*

Si wivu, bwana fundi. Majirani zako wako sahihi.

Umeandika "niwafundishe", halafu katika kazi zote ulizozitaja hakuna hata moja ya kufundishwa. Kubeba kokoto kunafundisha nini? Mgongo? Sheria hiyo hiyo ya Mtoto inahesabu ubebaji wa mizigo mizito na kazi za machimbo kuwa kazi hatarishi kwa mtoto, na sheria ya ajira ya 2004 haimruhusu aliye chini ya 18 kwenye kazi ya hatari hata kama mwenyewe amekubali, hata kama mama yake amekushukuru.

Hili ndilo linalonikera kuliko yote katika habari hii. Tunawachukua vijana hawa kwa jina la huruma, tunawageuza saidia fundi wa bure, na kwa kuwa walikuwa na kesi hawawezi kulalamika popote. Mwaka ukiisha kijana anajua kusukuma toroli tu. Hajawahi kuachiwa kona ya nyumba aisimamishe, hajui kusoma ramani, hajui kukadiria saruji ya chumba kimoja. Akija tajiri mwingine, anaanzia kwenye toroli tena, na ule mtaa wa zamani unamsubiri.

Ukitaka kweli kufundisha, wapatie nusu siku ya mwiko. Wajenge ukuta, uubomoe, waujenge tena. Mizigo mizito mwachie mtu mzima unayemlipa. Wavalishe buti, glovu na kofia ngumu, maana saruji mbichi huchoma ngozi. Andikishaneni na mzazi mbele ya ofisi ya ustawi. Kama hayo yanakushinda, tafuta vibarua watu wazima uwalipe, usiseme unasaidia.

*Vijana wa mradi wa kujifunza ujenzi walinifyatulia tofali, zimemomonyoka kabla sijafika linta, boriti ya juu ya madirisha. Nani atanilipa? (Mwenye kiwanja, Duga)*

Nimepita kuziona tofali zako. Mchanga ulioleta ni wa ufukweni, bado una vipande vya simbi ndani. Na vijana wanasema uliwaambia mfuko mmoja wa kilo 50 utoe tofali sitini. Hata mainjinia wa bandari wasingeweza. Na nani alizimwagilia maji, kwa siku ngapi? Tofali inataka maji kwa siku saba angalau, ikiwa kivulini. Chumvi ya mchanga huo itakula nondo zako pia, kwa hiyo usithubutu kuutia kwenye zege. Hakuna atakayekulipa.

*Kuna orodha ya majina au picha za vijana waliotoka mahabusu? Tunataka tuwe waangalifu tunapoajiri. (Mfanyabiashara, Barabara ya 12)*

Hakuna, na isiwepo. Kesi za watoto husikilizwa faragha, na kumtangaza mtoto wa kesi hiyo ni kosa kisheria. Wewe mwenyewe umempa nyumba yako fundi anayekuja amelewa na hujamuuliza cheti wala historia.

*Binti yangu wa miaka 17 alikuwa na kesi ya kupigana. Wanataka kumpeleka ushonaji, yeye anataka kupaka rangi na kuweka vigae. (Baba, Mwanzange)*

Mpeleke kwenye vigae. Kazi ya vigae inataka jicho na subira, na anayeijua vizuri hakai bila kazi. Cherehani tayari zimejaa barazani. Anayekwambia ujenzi si wa wanawake mwulize nani anabeba maji ya kukorogea.

*Nina miaka 19, nimepewa huduma kwa jamii badala ya kifungo. Nafagia hospitali. Naweza kuomba kazi ya ujenzi? (Chuda)*

Omba. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inataka ufanye kazi yenye manufaa kwa umma bila malipo, na kuziba nyufa za darasa ni manufaa kuliko kufagia ua uliofagiliwa asubuhi. Zungumza na afisa anayekusimamia, tena ukiwa umeshajua shule gani inakarabatiwa na fundi gani yuko tayari kukushika mkono. Usiende kwake mikono mitupu ukisema "nipangie". Ila usihame kituo kabla hujaruhusiwa kwa maandishi, maana utaonekana umetoroka adhabu. Ukimaliza, ungana na wenzako msajili kikundi: katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 ni za mikopo ya vijana, na haina riba. Kopeni mashine ya kufyatulia tofali, msikope pikipiki.

*Bomba la Chongoleani limeleta ajira, kwa nini vijana wetu hawakuchukuliwa?*

Kilomita 1,443 za bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, ni kazi ya wachomeleaji waliopimwa na kupasishwa. Kuangalia mafundi wakichomelea geti gereji hakumfanyi mtu mchomeleaji.

*Nilijifunza uashi nikiwa kifungoni. Nimejenga nyumba kadhaa tangu nitoke, lakini sina karatasi yoyote. Nianze upya darasa la kwanza la VETA? (Nguvumali)*

Hapana. Ulizia urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. VETA wanakupima kwa kazi, wanakuonyesha mapengo yako, ukifaulu unapewa cheti. Nenda na picha za nyumba ulizojenga na barua ya mwenye nyumba mmoja au wawili. Kama unafanya na umeme wa majumbani, hilo ni jambo jingine, linataka leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Na akikufuata mtu getini akisema atakuharakishia kwa "hela ya soda", mpite. Dawati la usajili liko ndani.