Viongozi Wanataka Picha ya Pamoja, na Umeambiwa Sasa Hivi

Ujumbe wenyewe huwa mfupi: “Wakitoka kikaoni watapiga picha ya pamoja, jiandae.” Mtu anakunong'oneza, anaondoka, na hajasema ni watu wangapi, watasimama wapi, wala nani atakaa katikati. Mara nyingi hata yeye hajui. Hapo mpiga picha mgeni hukimbilia begi lake na kuanza kubadilisha lenzi. Nasema liache begi, mtafute afisa itifaki.

Picha hii ni ya itifaki kwanza, ufundi wa kamera unafuata. Unaweza kutoa picha kali yenye mwanga wa kupendeza, lakini kama naibu amekalia nafasi ya mkuu wake, haitatoka ofisini. Na picha ya kawaida kabisa, ambayo kila mtu yuko mahali pake na macho yake yako wazi, itatundikwa ukutani miaka na miaka.

Muulize afisa itifaki mambo machache tu, maana naye anakimbizana: wako wangapi, wanakaa au wanasimama, nani wa katikati, nani huenda akachelewa au kuondoka mapema, na nani atakayewaita waje. Hilo la mwisho wengi hulisahau, halafu wanajikuta wao wenyewe wanamvuta mheshimiwa kutoka kwenye mazungumzo. Kuwaita viongozi si kazi yako. Ni kazi ya itifaki au ya mshereheshaji, nawe ukubaliane naye kabisa kwamba hataita mpaka umempungia mkono.

Kuna suala la kulia na kushoto. Kwa desturi ya kidiplomasia mgeni wa heshima huwa kulia kwa mwenyeji. Kulia kwa mwenyeji ni kushoto kwako wewe uliyeshika kamera, na hapo ndipo michoro mingi inapoharibikia. Chora mpangilio kwenye karatasi kama utakavyouona kwenye kamera, andika pembeni kwa herufi kubwa KUSHOTO KWA KAMERA, kisha umwonyeshe afisa itifaki. Asikubali kwa kutikisa kichwa huku anaongea na simu, asome. Idadi ikiwa witiri, wa katikati ni mmoja na hakuna ubishi. Ikiwa shufwa, mstari wa katikati unapita kati ya wawili, mwenyeji na mgeni wake. Nani anatangulia nani baada ya hapo, usijiingize. Kwenye mikutano ya wakuu mara nyingi huangaliwa wadhifa, kisha muda wa mtu madarakani, na kuna hesabu nyingine ambazo mtu wa nje hazijui.

Ukishapata idadi, ipime sakafu. Mtu mmoja akisimama bega kwa bega na mwenzake anachukua kama nusu mita. Safu ya watu kumi ni mita tano. Ongeza nusu mita kila upande ili wa pembeni wasiguse ukingo wa picha, jumla mita sita. Sasa kuna hesabu nyepesi ya kukaa nayo kichwani: kwenye kamera yenye kihisi (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) cha milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 35 inaona upana unaokaribia sana umbali wako. Ukitaka upana wa mita sita, rudi nyuma mita sita. Kwenye kamera za kihisi kidogo, lenzi ya milimita 24 inafanya kazi ile ile. Ukiwa na lenzi ya milimita 50 kwenye kihisi kikubwa utahitaji mita nane na kidogo, na kama nafasi ipo, itumie. Lenzi pana sana, za milimita 20 na kushuka, zinavuta watu wa pembeni. Vichwa vyao vinapanuka na mabega yanainama. Wa pembeni ndio wenye vyeo vya chini, ni kweli, lakini nao wataiona picha.

Nafasi isipotosha, usiwabane kwenye safu moja. Ongeza safu. Picha ya mkutano wa Solvay uliofanyika Brussels mwaka 1927, iliyopigwa na Benjamin Couprie, ni darasa zuri la jambo hili. Wanasayansi 29 wamepangwa safu tatu: tisa wamekaa mbele, tisa katikati, kumi na mmoja nyuma. Itazame bila haraka. Waliosimama nyuma wametokeza kwenye mianya kati ya vichwa vya mbele, na hakuna uso uliomezwa. Katikati kabisa ya safu ya mbele yuko Einstein, na Lorentz aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano amekaa kando yake. Afisa itifaki wa leo asingeliacha hilo lipite.

Viti vipange mwenyewe kabla hawajaja. Anza na kiti cha katikati, kiweke sawasawa na lenzi, halafu jaza kwenda pande zote mbili kwa idadi sawa. Viti vya pembeni vigeuze kidogo kuelekea kamera ili safu iwe upinde mdogo. Unaokoa upana, na wote wanakuwa karibu umbali mmoja na lenzi. Waliosimama wabandikie alama sakafuni kwa utepe. Kwenye mikutano ya viongozi wa G20 utaona sakafuni vibandiko vidogo vya bendera ya kila nchi. Kama marais wanaonyeshwa pa kuweka miguu, hao wako pia hawatachukia. Kisha rudi nyuma utazame ukuta: mlingoti wa bendera usiote kichwani mwa mtu, na bango lenye jina la mkutano lisomeke juu ya vichwa. Mwenyeji atalitafuta hilo kabla hajatafuta sura yake.

Mwanga nitaueleza kwa ufupi kidogo, ila kuna kosa moja linalorudiwa kila siku. Mtu anaweka flashi karibu na safu ya mbele, anaona nyuso zimeng'aa, anaridhika. Nguvu ya mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Flashi ikiwa mita mbili kutoka safu ya mbele na mita tatu kutoka safu ya nyuma, wa nyuma wanapata chini ya nusu ya mwanga wa wa mbele. Irudishe ifike mita tano na sita, wanapata karibu asilimia 70, na tofauti hiyo jicho linaivumilia. Kwa hiyo rudisha taa nyuma na uiinue juu. Kuiinua kunapunguza pia mng'ao kwenye miwani. Kama una mbili, weka moja kila upande wa kamera. Kama ni moja na dari ni jeupe na fupi, ielekeze darini.

Tundu la lenzi linalopitisha mwanga, f/5.6 au f/8 inatosha; namba ikipanda, tundu linakuwa dogo. Wapiga picha wageni wengi wanakimbilia f/16 wakidhani safu tatu zinaihitaji, matokeo yake flashi inachoka na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, inapanda bila sababu. Lenzi ya milimita 35 iliyofungwa f/8 na kulengwa mita sita inashika kuanzia karibu mita tatu hadi mwisho wa ukumbi. Lenga macho ya mtu wa safu ya mbele, au ya pili kama ziko tatu, kisha uzime fokasi ya kujiendesha ili isije ikahamia kwenye bango. Kasi ya shata ya 1/125 ya sekunde ni salama kwa watu waliotulia. Kama unategemea taa za ukumbini bila flashi, angalia michirizi kwenye picha: umeme ukiwa wa hezi 50 tumia 1/50 au 1/100, wa hezi 60 tumia 1/60 au 1/120. Flashi iweke kwa mkono, robo ya nguvu au karibu na hapo. Kwa robo inajaza haraka, na hakuna ule mmweko wa awali wa kupima mwanga ambao huwafanya baadhi ya watu wafumbe macho kabla ya picha yenyewe.

Haya yote yajaribie kwa watu wengine. Wahudumu, madereva, mwandishi mwenzako. Mmoja akae katikati, mmoja mwisho wa kila safu. Piga, kuza picha, tazama pembe zote. Ukimaliza hapo, ndipo unapunga mkono.

Wakija una dakika mbili, pengine moja. Sauti yako iwe ya juu kuliko unavyodhani ni adabu, maneno yawe machache. “Waheshimiwa, asanteni. Naomba mnitazame hapa.” Usimwelekeze kiongozi kwa nguo yake, “wewe mwenye suti ya bluu”, tumia cheo, au mwambie afisa itifaki naye amwambie. Usimguse mtu tai wala kola hata ikiwa imepinda vipi, msaidizi wake yupo. Pitisha macho haraka kwa safu ya mbele: beji shingoni, simu mkononi, chupa ya maji miguuni, soksi zinazotokeza. Ombi moja kwa wote, “tuondoe beji tafadhali”, linakubalika. Ukifika la tatu wameanza kuchoka.

Kinachoharibu picha nyingi za namna hii hakiko kwenye kamera yako. Ukisema “hapa”, pembeni kuna simu kumi zimeinuliwa: wasaidizi, waandishi, jamaa wa mtu fulani. Mkuu anakutazama wewe, waziri anamtazama msaidizi wake kushoto, wawili wa nyuma wanatabasamia simu ya kulia. Ukija kuifungua picha, kila mtu anaonekana yuko kwenye mkutano wake. Omba itifaki itangaze mapema: mpiga picha rasmi kwanza, wengine wasimame nyuma yake, zamu yao inakuja. Wakisimama nyuma yako, hata anayepotea macho anapotea kuelekea upande wako.

Halafu kuna kufumba macho. Watafiti wawili wa Australia, Nic Svenson na Piers Barnes, walilipigia hesabu na mwaka 2006 wakapewa tuzo ya Ig Nobel ya hisabati, ile ya utafiti unaochekesha kwanza halafu unafikirisha. Kanuni yao kwa kundi la chini ya watu 20: gawa idadi kwa tatu kama mwanga ni mzuri, kwa mbili kama ni hafifu, hizo ndizo picha za kupiga ili upate moja ambayo wote wamefumbua. Watu 12 kwenye mwanga mzuri ni picha nne. Mimi hupiga zaidi, kwa sababu kanuni haimhesabu anayegeuka kumsemesha jirani. Baada ya picha ya kwanza tazama kioo mara moja kuhakikisha mwanga, usikitazame tena. Ukiinamisha kichwa tu, wanadhani umemaliza na wanaanza kuinuka.

Akija mchelewaji katikati ya shughuli, apate nafasi mwisho wa safu, isipokuwa itifaki iseme vingine. Piga upya. Picha za kabla hajaja usizifute, huenda ndizo zitakazotakiwa.

Wakitawanyika, piga picha ya viti na majina yaliyobandikwa kabla wahudumu hawajavibeba. Ndiyo itakayokusaidia kuandika maelezo, “kutoka kushoto, waliokaa”, nayo uyapeleke kwa itifaki yakaguliwe majina na vyeo. Kama katika picha bora kuna mmoja amefumba macho, usimpandikizie kichwa kutoka picha nyingine kimyakimya. Mashirika ya habari kama Associated Press na Reuters hayapokei picha iliyochezewa hivyo, na ofisi yenyewe iulizwe kwanza. Chagua moja, itume kwa afisa habari siku hiyo hiyo, kabla zile za simu hazijasambaa.