Ile rangi ya korongo sijaipaka, nimeisubiri

Juzi nimeposti picha moja tu ya Buckskin Gulch, ile yenye ukuta unaowaka chungwa chini na zambarau kwenye kona, mdau mmoja akaja inboksi: kaka hiyo umeiediti mpaka imeharibika, nitajie programu unayotumia na mimi nikienda nifanye hivyohivyo. Nilicheka, ila iliniuma. Hiyo picha nusura inikoseshe rafiki, afu mtu ananiuliza programu.

Haya, twende taratibu. Buckskin ipo kusini mwa Utah, Marekani, jirani kabisa na mpaka wa Arizona, ni korongo jembamba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 20, na kuna sehemu ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Jua lenyewe mara nyingi halifiki chini. Linagonga ukuta wa juu, mwanga unadunda ukuta wa pili, unadunda tena, na kila ukidunda unabeba wekundu wa jiwe, kwaiyo unafika kwako chungwa tupu. Zile kona ambazo zinapata mwanga wa anga peke yake ndo zinakuwa bluu au zambarau. Hakuna uchawi wala kompyuta hapo, ni saa tu: asubuhi sana korongo limelala, jua likipanda ndo linaanza kuwaka, na kila kona ina dakika zake.

Sasa mshkaji wangu niliyeenda naye ni mtu wa haiking, miguu ya swala, yeye korongo analipima kwa kilomita. Mi nalipima kwa kona. Hatukuongea hilo kabla, tuliongea mahema, gari, nani anabeba jiko, hilo la mwendo hakuna aliyeligusa.

Siku tuliyopanga kuingia, utabiri ukaonesha mvua za radi upande wa milimani, mbali na sisi. Pale mjini Kanab juu yetu anga jeupe kabisa. Nikasema hatuingii. Jamaa akanuna, et tumesafiri kote huku kuja kuogopa mawingu ya watu wengine. Nikamkumbusha Antelope Canyon, korongo lingine kule Arizona, Agosti 1997, maji yalishuka ghafla yakaua watalii 11 na mvua ilikuwa imenyesha kilomita kadhaa kutoka pale. Akanyamaza, ila siku nzima alinijibu kwa kichwa. Kesho yake tumeingia kupitia Wire Pass, korongo dogo linaloungana na Buckskin, kufika ndani akainua macho akaona magogo yamekwama katikati ya kuta, juu kabisa ya vichwa vyetu, yameletwa na maji. Hakusema kitu. Mi nilifurahi jamani, siwezi kuficha.

Baadaye nikaikuta kona yangu. Nikaweka tripodi, ISO 100, f/11, yaani kamera inapokea mwanga kidogokidogo, shata ikawa inakaa wazi sekunde kadhaa, nikasubiri. Jamaa akaja, akaenda, akarudi, akaniuliza tumekuja kupiga picha au kufuga mawe. Nikamwambia subiri. Akakaa chini, akala karanga zote, zangu na zake, na mwanga ulipofika akasimama mwenyewe akasema duh. Kwenye picha yule mtu mdogo pale chini ni yeye, bila yeye usingejua ukuta una ukubwa gani.

Cha kuniuma ni kwamba akaiweka profaili yake bila jina langu. Watu wakamsifia, "una jicho kaka," na yeye anajibu asanteni.

Kwaiyo mdau, majibu yako haya hapa. Waiti balansi, ile seti ya rangi kwenye kamera, weka ya jua, usiache oto, maana kamera ikiona chungwa nyingi hivyo inadhani ni kosa inaanza kuipunguza, ndo unatoka na ukuta wa kijivu unakimbilia programu. Anga lisiingie kwenye fremu, linaunguza picha. Lenzi chagua moja kabla hujaingia, usibadilishe mle ndani, mchanga unamwagika kutoka juu hata upepo usipousikia. Maji lita nne kwa siku kila mtu. Kibali chukua mapema, na Antelope ni ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa kule, huingii bila mtembeza wageni wao. Julai hadi Septemba ndo msimu wa radi, ukiweza epuka. Halafu subiri. Nimeshasema subiri? Subiri.

Maana tatizo letu sisi tunataka picha ya mtu bila masaa ya huyo mtu. Unaona rangi unauliza programu, unaona mwili unauliza dawa. Kaa chini! Kaa na kona moja mpaka ikuchoshe, ikishakuchosha kaa tena kidogo. Na rafiki wa safari mwambieni ukweli mkiwa bado nyumbani: mi nasimama sana, wewe unatembea sana, tukutane saa fulani pale makorongo mawili yanapokutana, kila mtu ana maji yake na anajua njia, maana mle chini simu haishiki na GPS inababaika kati ya zile kuta.

Jamaa ameshanitumia meseji anataka tuende hifadhi ya Zion, tutembee ndani ya mto kule Narrows. Nimeisoma, sijamjibu. Aweke kwanza jina langu kwenye ile picha.