Muziki Katika Gari la 4x4 kwa Bajeti Ndogo: Anza na Mlango, Redio Baadaye

Mwenye gari la 4x4 anayetaka sauti nzuri kwa fedha kidogo hukutana kwanza na ushauri wa dukani, na ushauri huo karibu kila mara huanza na redio yenye skrini kubwa na kuishia kwenye sabufa (spika ya besi) iliyofungwa ndani ya sanduku. Mimi niliitengeneza Suzuki Jimny yangu kwa mpangilio ulio kinyume kabisa na huo, nikaiendesha mjini Mombasa na katika njia za vumbi za Kinango, Shimba Hills na Tsavo Mashariki. Ninaweza kusema bila kusita kwamba fedha nilizotumia kwenye milango na nyaya zilinifaa kuliko ambazo ningetumia kwenye dashibodi.

Sababu ya kwanza ni kelele. Gari la aina hii lilijengwa lipande mawe, si lipite kimya: bati la milango yake ni jembamba, bodi imesimama wima mbele ya upepo, na tairi zenye meno makubwa hunguruma mara tu unapofika kilomita 80 kwa saa kwenye lami ya kuelekea Mariakani. Kelele hizo hukaa zaidi katika sauti nzito, ndiyo maana besi ndiyo inayopotea mwanzo gari linapoongeza mwendo, na dereva huongeza sauti hadi sauti nyembamba zinamkwaruza masikio huku besi ikiwa bado haisikiki. Sasa tazama hesabu yake. Ili spika ile ile iongeze desibeli 3 tu, amplifaya inapaswa kutoa nguvu maradufu; ili iongeze desibeli 10, inahitaji nguvu mara kumi. Ukipunguza kelele ndani ya gari kwa desibeli 3, umepata faida ile ile ambayo mwenzako anaitafuta kwa kununua amplifaya kubwa mara mbili, na wewe hukuigusa betri.

Kwa hiyo nilianza na milango. Spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa pamoja, na sauti inayotoka nyuma yake iko kinyume na ile inayotoka mbele. Zikikutana, hasa zile nzito, huuana. Mlango wa gari una matundu makubwa yaliyoachwa kiwandani ili fundi aweze kufikia mashine ya kioo, na aghalabu hufunikwa kwa karatasi ya plastiki peke yake, ambayo katika gari la mtumba huwa imeraruka siku nyingi. Ukiyaziba matundu hayo vizuri, spika ile ile ya zamani hutoa besi ambayo hukuijua kuwa inayo. Nimewaonyesha marafiki jambo hili kwa kuziba mlango mmoja na kuuacha wa pili, na hakuna aliyehitaji kuelezwa upande upi ulizibwa.

Kitu cha kuzibia na kutulizia bati ni mikeka ya mpira wa butili yenye karatasi ya alumini juu yake. Ipo mikeka ya bei rahisi zaidi iliyotengenezwa kwa lami, na katika nchi za baridi huenda inafaa. Hapa kwetu, gari likiachwa juani wakati wa kaskazi, lami hulainika, hunuka na kuteleza hadi chini ya mlango. Usinunue. Pia huna haja ya kulifunika bati lote: robo hadi nusu ya eneo la bati la nje, ikibandikwa katikati ya sehemu tupu zinazolia ukizigonga kwa kidole, inatosha kuondoa mlio. Safisha bati kwa spiriti kabla ya kubandika, kwa maana chumvi na vumbi la Pwani huzuia gundi isishike, kisha sugua mkeka kwa nguvu mpaka mabonde yake yalale.

Hapa kuna tahadhari moja ambayo mafundi wengi huipita. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kupitia mpira wa kioo, na hivyo ndivyo mlango ulivyokusudiwa; hutoka kupitia vitundu vidogo vilivyo ukingoni chini. Ukiviziba vitundu hivyo kwa mkeka, masika moja yatatosha kuanzisha kutu ambayo muziki wowote hauwezi kuifidia.

Spika zenyewe nilizichagua kwa mambo matatu, na ukubwa wa namba iliyoandikwa kwenye boksi haukuwamo. La kwanza ni kile zilichotengenezewa. Koni ya karatasi tupu hunywa unyevu, na ukingo wa sponji huoza na kukatika katika hewa ya bahari. Koni ya polipropilini yenye ukingo wa mpira huvumilia yote mawili. Anayeishi hapa ana bahati kwamba spika za boti si kitu kigeni, kwa kuwa boti za starehe na za uvuvi ziko Mtwapa na Kilifi, na spika iliyoundwa kustahimili maji ya chumvi haitashtuka kwa vumbi la Kinango. Ikiwa bei yake inakaribiana na ile ya spika ya kawaida, ichukue.

La pili ni wepesi wa spika kuitika, yaani desibeli inazotoa kwa wati 1 ukiipima kwa umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 91 ikilishwa nusu ya nguvu husikika sawa na ile ya desibeli 88, na kwa mtu mwenye bajeti ndogo hiyo ni amplifaya ya bure. La tatu ni nguvu halisi inayoweza kubebwa muda wote, ambayo huandikwa RMS. Maneno kama wati 1000 yaliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu ni nguvu ya kilele, na mara nyingi hata hiyo ni ndoto ya aliyechapisha boksi.

Kabla ya kulipa, pima tundu la mlango pamoja na kina chake huku kioo kikiwa kimeshushwa hadi mwisho, kwa sababu sumaku ya spika ya inchi 6.5 inaweza kukigonga kioo. Panapohitajika pete ya kuiinua spika, mafundi hukata mbao za unga uliogandamizwa, nazo hunywa maji na kufura kama mkate wa mofa uliotiwa mchuzini. Mimi nilinunua kibao cha plastiki cha kukatia nyama, kile kinene cheupe, nikakikata kwa msumeno mdogo. Hakiozi, hakipasuki na kinashika skrubu vizuri.

Jambo lingine la kuzingatia ni unachosikiliza. Nikijipima kwa ukweli, sehemu kubwa ya muda wangu barabarani ni kisomo cha Kurani, mpira redioni, mazungumzo na taarab ya zamani, na hivi vyote vinaishi katika sauti za kati. Sioni maana ya mtu wa mazoea haya kutoa theluthi mbili za fedha zake kwa sabufa. Taarab ndiyo niliyoitumia hata katika kujaribu: ikiwa fidla na ganuni zinasikika kila kimoja mahali pake na maneno ya mwimbaji hayafichwi, spika ziko sawa, ikiwa fidla inachoma sikio, twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) imeelekezwa vibaya au imezidishwa.

Sasa nyaya, ambako Pwani inatuadhibu kuliko watu wa bara. Nyaya nyingi za bei rahisi zinazouzwa kwa amplifaya ni za alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba, hivyo waya unaoonekana mnene hufanya kazi ya waya mwembamba, na mahali ulipokatwa hewa ya chumvi huushambulia haraka. Fundi mmoja aliniambia, "Ndugu yangu, hizi ndizo kila mtu anaweka, na hakuna aliyerudi kulalamika." Nilimwomba kisu, nikakwaruza uzi mmoja, ukatokea weupe ndani. Alicheka, akanitolea roli nyingine kutoka chini ya meza. Fanya hivyo hivyo: kwaruza kwanza, lipa baadaye.

Waya mkuu kutoka betri lazima uwe na fyuzi, na fyuzi hiyo ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45, kwa kuwa kazi yake ni kuulinda waya na gari lako lisiungue wala si kuilinda amplifaya. Ukubwa wake unatokana na hesabu rahisi. Amplifaya ya daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto) inayotoa wati 200 halisi kwa ufanisi wa asilimia 80 huvuta wati 250, na ukigawanya kwa volti 13.8 unapata ampea 18 hivi. Fyuzi ya ampea 25 inafaa, mradi waya wenyewe unaweza kubeba zaidi ya hapo. Waya wa hasi uwe mfupi na mnene kama ule wa chanya, ufungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi hadi ling'ae, kisha bolti ikishakazwa upake grisi juu yake ili chumvi isipate njia. Waya wa mawimbi ya sauti kutoka redio upite upande mmoja wa gari na ule wa umeme upande wa pili, ama utasikia alteneta ikilia pamoja na mwimbaji kila ukikanyaga mafuta.

Viungo vya nyaya vibanwe kwa koleo ya kubania na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Utepe wa gundi hugeuka ute kwenye joto letu, na kiungo kilichochomelewa kwa risasi bila kushikizwa huweza kukatika kwa mtetemo wa barabara ya changarawe. Mwenye Land Cruiser ya dizeli apime volti za mfumo mzima wa umeme kwanza, kwani baadhi ya zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 24, na vifaa vya volti 12 vinaweza kuungua papo hapo.

Amplifaya ndogo ya daraja D ya njia nne, yaani inayolisha spika nne, inatosha, na ukipata inayopokea waya za spika moja kwa moja, unaweza kubaki na redio iliyokuja na gari. Usiiweke sakafuni ikiwa unavuka mito ya msimu. Mimi nimeifunga nyuma ya kiti cha nyuma, juu ya kiwango ambacho maji yangefika kabla injini yenyewe haijaingia hatarini. Kitufe cha unyeti (gain) kwenye amplifaya si kitufe cha sauti: kukizidisha hukata vichwa vya mawimbi, na mawimbi yaliyokatwa ndiyo yanayoua twita. Mwenye mita ya umeme aweke mlio wa hezi 1000, redio ikiwa kwenye robo tatu ya sauti, na apandishe kitufe hicho taratibu huku akipima volti zinazotoka kwenye amplifaya kwenda kwa spika. Kwa spika ya omu 4 inayopokea wati 50, asimamie volti 14. Kisha akate sauti zote za chini ya hezi 80 zisiende kwenye spika za mlangoni. Spika ndogo iliyopumzishwa kutoka kazi isiyoiweza huimba vizuri ajabu.

Kuhusu redio nina machache. Magari mengi yanayoshuka bandarini kwetu kutoka Japani yana redio ya FM inayoanza 76 na kuishia 90, au 95 kwa mapya zaidi, ilhali vituo vyetu huenea hadi 108. Kile kifaa kidogo cha kushusha masafa kinasaidia, ingawa vituo husomeka kwa namba zisizo zake na baadhi hugongana. Ikiwa wewe ni mtu wa simu na Bluetooth, kifaa cha kuunganisha kinagharimu kidogo sana. Skrini kubwa pia huita wezi.

Sabufa inaweza kungoja. Ikifika zamu yake, ile bapa ya inchi 8 inayoingia chini ya kiti, yenye amplifaya yake ndani, inatosha kujaza gari dogo bila kula nafasi ya mizigo. Katika Jimny nafasi hiyo ni ya galoni ya maji na jeki.

Kwa mwenye shilingi 30,000, ningegawa hivi: karibu theluthi moja iende kwa spika za mbele, karibu theluthi nyingine kwa amplifaya, na kilichobaki kwa mikeka, nyaya za shaba, fyuzi na mkono wa fundi. Spika za nyuma ziache zilivyo, au zizime kabisa. Fedha zikiwa pungufu, fanya milango na spika mwezi huu, amplifaya isubiri, maana redio ya kawaida hutoa wati 15 hadi 20 halisi kwa kila spika, na kwa spika nyepesi kuitika hizo si haba. Mitumba ni sawa kwa amplifaya, ukiijaribu kwa nusu saa ikipata moto. Kwa spika, bonyeza koni kwa vidole vya mikono miwili polepole, na ukisikia mkwaruzo rudisha.

Unapopiga kambi injini ikiwa imezimwa, kumbuka kwamba betri ya ampea-saa 45 haipendi kushuka chini ya nusu. Mfumo unaovuta ampea 4 utaimaliza nusu hiyo kwa saa tano na ushei kwa hesabu ya karatasi, na pungufu ya hapo kwa betri iliyozeeka. Masika yakiisha, fungua kava za milango, angalia kama vitundu vya maji viko wazi, kaza bolti ya waya wa hasi na uipake grisi upya.