Jibu: Enzaimu bila kuotesha bakteria
Mkuu umeuliza enzaimu (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) inapatikanaje wakati bakteria mwenyewe hajawahi kuoteshwa maabara. Iko hivi, chukua Ziwa Bogoria pale Kenya, pH ya ziwa (kipimo cha asidi na alkali) inagonga 10, yaani alkali kali, na chemchemi za pembeni zinakaribia kuchemka, vijidudu vingi vya huko ukiviweka kwenye sahani ya maabara havioti ng'o, sasa watu wanachota tope, wanatoa DNA yote kwa mkupuo, wanaisoma, kompyuta inatafuta jeni zinazofanana na za enzaimu zinazojulikana. Jeni ikipatikana inapandikizwa kwa E. coli, bakteria rahisi kukuza maabara, ndo azalishe hiyo enzaimu. Kasheshe iko hapo aisee, mara nyingi protini inatoka imejikunja vibaya haifanyi kazi. Ikikubali ni dili, hasa kwa sabuni za kufulia, maana nazo zina alkali.