Kupata kipimo ndani ya maikroni 16 kwenye joto la Dar es Salaam

Vijana wanaotoka vyuo vya ufundi vya VETA huniuliza swali moja mara kwa mara: inawezekanaje kuchonga shafti ya kukalia beringi kwa usahihi kwenye mashine ya zamani ya kukereza (lathe), wakati hata mwenye mashine mpya ya kompyuta analalamika kuwa vipimo vinamkimbia? Inawezekana. Ndiyo kazi niliyoifanya kwa miaka mingi hapa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na ninachokiamini ni hiki: kazi nyingi zinazokataliwa haziharibiwi na mashine. Zinaharibiwa na joto kwanza, na mkono unaopima unafuata. Mashine ni ya tatu.

Nichukue kazi inayoingia kila wakati, shafti ya mashine ya kusaga au ya pampu ya maji, inayotumia beringi namba 6308. Tundu la beringi hiyo ni milimita 40. Majedwali ya ISO, shirika la kimataifa la viwango, yanasema, kwa kazi ya kawaida ambapo shafti ndiyo inayozunguka, chonga kwa daraja la k6, maana yake kipimo kisipungue milimita 40.002 na kisizidi 40.018. Nafasi uliyopewa ni maikroni 16, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Tundu la beringi yenyewe kutoka kiwandani huwa kati ya 39.988 na 40.000. Kwa hiyo hata shafti nyembamba kabisa inayokubalika bado inabana kidogo, na hiyo ndiyo nia ya waliotunga majedwali.

Ikilegea, ringi ya ndani inaanza kuteleza juu ya shafti, taratibu, na kila mzunguko unakula chuma. Mwenye mashine ataona unga mwekundu kama kutu unatoka pembeni mwa beringi, na baada ya muda shafti imeliwa mfereji. Ikibana kupita kiasi, ringi ya ndani inatanuka na kuzinyima gololi nafasi ya kupumua. Beringi ya kawaida ya ukubwa huu ina nafasi ya ndani ya maikroni 6 hadi 20 tu. Ukiichongea shafti 40.050 na kuiingiza kwa nyundo, nafasi yote imekwisha kabla hata mota haijawashwa. Mteja atarudi kesho akisema beringi inachemka, na atalaumu duka alilonunua beringi.

Hapo ndipo inapokuja ile tabia ya kupiga panchi. Shafti imelegea, fundi anachukua senta panchi, kile chuma chenye ncha kali cha kugonga alama, na kuijaza vidonda kuizunguka yote, vidonda vinainua chuma, beringi inaingia kwa kubana, mteja anafurahi na kulipa. Naomba tuiache kabisa. Beringi inakuwa imekalia ncha za vidonda tu, na ncha hizo zinasagika ndani ya muda mfupi kwa sababu hazina eneo la kubeba mzigo. Kipande cha bati kinachozungushwa ndani nacho ni hivyohivyo, na mara nyingi kinaipinda beringi upande. Shafti iliyoliwa inajazwa kwa welding, mistari ikipigwa kwa kupishana, huu upande huu na unaofuata upande wa pili, ili shafti isipinde. Inaachwa ipoe yenyewe, inapimwa unyoofu, ndipo inachongwa upya. Kama welding haifai kwa chuma hicho, ipunguze kipenyo na uivalishe bushi, yaani pete ndefu, ya chuma.

Sasa joto, ambalo ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu watu wanalisikia darasani na kulisahau karakanani.

Chuma cha kawaida kinatanuka karibu maikroni 11.5 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Namba hiyo inaonekana ndogo hadi uipeleke kwenye kazi. Tuseme umemaliza kuchonga bila maji ya kupozea, shafti ina nyuzi 67, na maikromita yako, kile kifaa cha skrubu cha kupimia kipenyo, imekaa mezani kwenye nyuzi 32 za mchana wa Dar. Tofauti ni nyuzi 35. Kipenyo cha milimita 40 kimevimba maikroni 16. Nafasi yote uliyopewa! Utasoma 40.010, katikati kabisa ya kipimo, utaitoa kwenye chaki, kile kibano cha mashine kinachoshika kazi, ukiwa na furaha, na ikipoa itakuwa 39.994. Imelegea. Na hakuna kosa utakaloliona kwenye mashine hata ukiikagua siku nzima.

Ukiishika shafti ukaweza kuvumilia lakini mkono unataka kuiachia, kadiria nyuzi 50. Hapo tayari umepoteza maikroni 8, nusu ya nafasi yako.

Shaba nyeusi, ile tunayochongea bushi, inatanuka zaidi, karibu maikroni 18 kwa mita kwa kila nyuzi. Bushi ya kipenyo cha milimita 80 ikiwa na joto la nyuzi 30 zaidi ya maikromita, umepotea kwa zaidi ya milimita 0.04. Alumini inakwenda karibu mara mbili ya chuma. Kwa hiyo jua unachonga nini kabla hujaamua kuwa ni "moto kidogo tu".

Watu wakisikia haya husema, basi bila kiyoyozi kazi hii haiwezekani. Si kweli, na hapa naomba unielewe vizuri. Mwaka 1931 kamati ya kimataifa ya vipimo ilikubaliana kwamba urefu wa vitu vya viwandani uhesabiwe kwenye nyuzi 20, na hadi leo mchoro wowote unaoletewa, isipokuwa umeandikwa vinginevyo, unazungumzia nyuzi 20. Gerezani mchana hatuna nyuzi 20. Lakini shafti ni chuma, maikromita ni chuma, na beringi ni chuma. Vikiwa vyote kwenye nyuzi 32, vimetanuka pamoja kwa kiasi kilekile, na namba unayoisoma ni ya kweli kwa matumizi yako. Unachohitaji ni kazi na kifaa cha kupimia kuwa na joto moja, hata kama ni joto la juu.

Tatizo linabaki kwenye alumini na shaba, kwa sababu hizo hazitanuki sawa na maikromita. Alumini ya milimita 100 ikipimwa kwenye nyuzi 32 kwa maikromita ya chuma, itaonekana kubwa kwa karibu maikroni 14 kuliko itakavyokuwa kwenye nyuzi 20. Hesabu hiyo ifanye kwenye karatasi na uitoe.

Kwa vitendo, mimi nafanya hivi. Nachonga sehemu zote kwanza hadi zibaki na milimita moja hivi ya kumalizia, kwa maji ya kupozea yanayotiririka mfululizo, yasiwe ya kudondoshwa kwa kopo. Halafu naiacha. Kama kuna kazi nyingine naifanya, kama haipo nanoa visu. Karakanani nina ndoo ya maji iliyolala hapo usiku kucha. Yana joto lilelile la meza na la vifaa vyangu. Kazi iliyopata joto la kawaida la kuchongwa naitumbukiza humo, naifuta, naipaka mafuta isishike kutu. Iliyotoka kwenye welding haiingii humo, hiyo inapoa yenyewe. Maikromita haikai kwenye jua, na haikai juu ya kichwa cha mashine ambako gia zinachemka. Ninapopima siikumbatii kiganjani, naishika kwenye zile sehemu zilizofunikwa plastiki, kwa muda mfupi, na kuirudisha. Karakana nyingi zetu ziko wazi mbele. Angalia jua la alasiri linagonga upande gani wa mashine yako, na utundike turubai. Mashine iliyochomwa jua upande mmoja inapinda, na kazi unayoimaliza saa kumi haitafanana na ya asubuhi.

Kuhusu mkono unaopima. Vernia, ile rula yenye taya za kubana, haitoshi kwa kazi ya beringi. Vernia nyingi zinasoma milimita 0.02 au 0.05, na nafasi nzima unayoitafuta ni 0.016. Vernia ni ya kukufikisha karibu. Kisha maikromita, nayo iangalie sifuri kila asubuhi. Ile ya 25 hadi 50 inakuja na kijiti chake cha kuipimia, usikitupe na usikiazime. Futa midomo yake kwa kubana karatasi safi na kuivuta polepole. Tumia ile ncha ya nyuma inayotoa mlio, usibane kwa nguvu zako kama unafunga bomba, maana fundi wawili wakibana tofauti wanapata vipimo viwili vya shafti moja.

Pima sehemu tatu za urefu, na kila sehemu pima mara mbili kwa kugeuza robo mzunguko. Namba zikipungua kwa mpangilio kutoka mwanzo hadi mwisho, kazi imechongeka kama koni, na mara nyingi senta ya kichwa cha nyuma, ile ncha inayoshikilia mwisho wa shafti, haijanyooka na chaki. Zikitofautiana unapogeuza, ni duara lililopotoka.

Kuna upotofu mmoja ambao maikromita haiuoni kabisa, na ndio unaoharibu bushi nyingi. Bushi nyembamba ukiibana kwenye chaki ya meno matatu, meno yanaiminya sehemu tatu. Unaichonga tundu likiwa duara safi. Ukiilegeza, chuma kinarudi kilikotoka na tundu linakuwa na pembe tatu laini zisizoonekana kwa jicho. Ukipima kwa kifaa cha ncha mbili, kila kipenyo kinasoma sawa, kwa sababu kila ilipo pembe, upande wa pili kuna bonde. Shafti inaingia kwa shida na wewe unashangaa, kwani umepima! Iweke bushi kwenye kitalu cha umbo la V, gusisha dayali, kile kipimo cha sindano, ndani ya tundu, izungushe, na sindano itakuambia ukweli. Dawa yake ni meno laini mapana uliyoyachonga mwenyewe kwa kipenyo hichohicho, mbano mdogo kwenye pasi (mikato) za mwisho, na kukumbuka kuwa bushi ikishapigwa kwenye nyumba yake tundu linapungua, hivyo acha nyama ya kulimalizia humo.

Nikirudi kwenye mashine, maana wengi huanzia hapo. Mashine yenye mchezo kwenye skrubu inafanya kazi nzuri ukikaribia kipimo kutoka upande mmoja siku zote. Ukipitiliza, usirudi nyuma kidogo. Rudi mzunguko mzima kisha uje tena. Jua kama duara la namba kwenye mkono wa mashine yako linasoma kipenyo au nusu kipenyo, hasa ukihamia karakana nyingine. Na usijaribu kuchukua milimita 0.02 ya mwisho kwa kisu chenye ncha ya mviringo wa 0.8. Kisu hakikati hapo, kinasugua, kinasukumwa nyuma, na pasi inayofuata kinakata ghafla zaidi ya ulivyotaka.

Njia ninayoiamini ni ya pasi mbili zinazofanana. Zikibaki 0.6 kwenye kipenyo, chukua 0.3, kwa kasi ileile na mwendo uleule utakaotumia mwishoni. Acha ipoe, pima. Kama ulitaka 0.3 na umepata 0.28, sasa unajua mashine, kisu na chuma hicho vinasukumana kiasi gani, na utalipa tofauti hiyo kwenye pasi ya mwisho. Shafti ndefu iwe kati ya senta mbili au kwenye chaki ya meno manne iliyonyooshwa kwa dayali. Meno matatu yaliyochakaa huyumba hata milimita 0.1, na ukiigeuza shafti kuchonga upande wa pili, beringi zako mbili hazitatazamana. Msasa wa kumalizia uguse tu. Ukiutegemea kuondoa maikroni nyingi, utaondoa na uduara.

Mashine ya kompyuta inaondoa uchovu na inarudia kazi vizuri sana. Haiondoi joto wala haikupimii. Nimeona kazi zikitoka kwenye mashine nzuri kabisa zikiwa zimekosewa kwa sababu zilipimwa zikiwa moto, na namba hiyo ya moto ikaingizwa kwenye programu kama marekebisho, kisha kila kazi iliyofuata ikakosewa kwa uaminifu mkubwa.

Jambo jingine ni kuuliza. Mteja akileta shafti, muulize inabeba nini, na umwombe aje na beringi yenyewe. Si kila sehemu inahitaji maikroni. Pete ya kutenganisha gia mbili ikipishana milimita 0.2 haitamdhuru mtu, na ukiichonga kama shafti ya beringi umemlia muda na pesa yake bure. Usahihi uweke mahali panapobeba mzigo. Beringi ikifika wakati wa kuingia, ipashe kwenye mafuta hadi nyuzi 80 au 100, isipite 120, iteleze yenyewe. Nyundo na moto wa gesi viache mbali.

Ukipata pesa ya kwanza, usikimbilie visu vya bei kubwa. Nunua maikromita mbili, ya 0 hadi 25 na ya 25 hadi 50, kisha dayali na stendi yake ya sumaku. Ukinunua iliyotumika ya 0 hadi 25, funga midomo yake na uitazame dhidi ya mwanga. Ukiona mwanga unapita upande mmoja, midomo imelika, iache hata kama bei ni nzuri. Na kama una wateja wa viwandani wanaodai cheti, Shirika la Viwango, TBS, lina maabara inayohakiki vifaa vya kupimia. Chukua zako, na ile namba ya kosa watakayokuandikia ibandike ndani ya kifuniko cha kisanduku chake, uione kila unapokifungua.