Hita ya maji ya sola: kabla ya kuuliza bei, angalia maji yako

Karibu kila anayeniuliza kuhusu hita ya sola anaanza na jua. Jua la Dar lipo, hata kipupwe cha Juni na Julai kikiingia. Mimi nakaa Kigamboni, mtaa ambao wengi wetu tunategemea visima, na miaka niliyoishi na hita juu ya paa imenifundisha kumuuliza mtu swali lingine kabisa: nyumbani kwako mnatumia maji gani?

Maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, yanayotoka Mto Ruvu si sawa na ya kisima cha ukanda wa pwani. Visima vyetu vingi vina chumvi, na chumvi ikipata moto hula chuma haraka zaidi. Chokaa nayo huganda pale penye joto. Jirani yangu alipomwita fundi kwa sababu maji hayapati moto, nilisimama pale chini nikaona mrija wa kioo, ule unaopasha maji kwa jua, ukichomolewa: ndani umejaa ukoko mweupe, mgumu kama ganda la yai, na tangi linavuja kwenye maungio. Jua lilikuwa linawaka vilevile.

Kwa hiyo angalia birika lako la umeme. Kama chini lina ukoko mweupe, na sabuni haitoi povu vizuri, maji yako ni magumu. Kwa chumvi, peleka chupa maabara ya maji wakupimie kloridi. Ikizidi miligramu 200 kwa lita, mimi singenunua tangi la stenlesi la daraja la 304, hata muuzaji aape kwamba stenlesi haishiki kutu. Tafuta tangi la chuma lililopakwa enameli (utando mgumu kama kioo) ndani, lenye fimbo ya magnesi. Fimbo hiyo huliwa na maji badala ya tangi. Mwambie fundi aifungue kila mwaka. Ikibaki waya mtupu, ibadilishwe siku hiyohiyo. Na kwa maji ya chokaa, chukua hita ambayo maji hayapiti ndani ya mirija, ile yenye vijiti vya shaba vinavyopeleka joto kwenye tangi. Ni ghali zaidi, lakini kwa maji ya kisima naona inalipa. Soma pia karatasi ya dhamana kabla hujalipa, maana mara nyingi uharibifu wa maji ya chumvi haumo.

Ukubwa si jambo la kuumiza kichwa: kadiria lita 30 hadi 50 kwa mtu. Kupasha lita 150 kutoka nyuzi 27 hadi 55 kunahitaji karibu uniti 5 za umeme; jua likifanya kazi hiyo, ndipo utaona mita ya LUKU inavyopumua. Kwetu, mama mwenye magoti yanayouma anaoga maji ya moto asubuhi na jioni bila mtu kuhesabu uniti.

Sasa paa. Lita 150 ni kilo 150 kabla hujaongeza tangi lenyewe na fremu, kwa hiyo fundi seremala aone mbao kwanza. Dar tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Hita itazame kaskazini, mwinamo wa nyuzi 15 hadi 20 unatosha, na mvua itaosha vumbi. Halafu pima urefu wa simtanki. Hita nyingi za bei nafuu hazihimili presha, zinataka maji yashuke yenyewe kutoka juu. Simtanki likiwa chini ya paa, maji hayafiki. Na ukiunga pampu moja kwa moja, tangi linaweza kupasuka. Weka tangi dogo lenye boya juu ya hita. Bomba la maji ya moto liwe la PPR, plastiki ngumu ya kuhimili joto, na uweke valvu ya kuchanganya maji, hasa kama kuna watoto: maji ya nyuzi 60 yanababua ngozi kwa sekunde chache tu.

Mgao wa maji ukikaukisha hita ya mirija, usifungulie maji mchana. Kioo kilichopata jua la saa saba kikikutana na maji ya baridi hupasuka. Subiri giza liingie, mirija ipoe, ndipo ujaze.