Msitu wa kijiji umegeuzwa shamba la ufuta: tuanzie wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kijiji chetu kipo Wilaya ya Liwale, mkoani Lindi. Tulishapitisha mpango wa matumizi ya ardhi na kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji. Tangu ufuta uanze kulipa, wageni wanaufyeka na kuuchoma msitu huo, na wakiulizwa wanaonyesha karatasi zenye muhuri wa kijiji. Mwenyekiti anasema Halmashauri ya Kijiji ndiyo yenye mamlaka ya kugawa ardhi. Vijana wamekwisha kuapa kuwaondoa wageni kwa nguvu. Sheria inasemaje?

JIBU: Ndugu msomaji, mwenyekiti wenu ameisoma sheria akaishia katikati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaikabidhi kweli Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi, lakini inaikabidhi kama mdhamini anayetunza mali ya wengine, na kifungu cha 8 kinaikataza kugawa ardhi kabla ya kupata idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wakazi wote waliotimiza miaka 18. Kwa hiyo jambo la kuuliza kwanza ni mkutano upi ulioidhinisha ugawaji huo. Mwombeni Mtendaji wa Kijiji, kwa barua, muhtasari wa mkutano pamoja na orodha ya mahudhurio, na mbaki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Hata muhtasari ukipatikana, suala la msitu wenyewe linabaki palepale. Eneo lililotengwa kuwa hifadhi haligeuki shamba kwa sababu tu kuna mtu amekubaliwa kulima. Ni lazima mpango wa matumizi ya ardhi urejewe na wanakijiji, na sheria ndogo zinazolinda msitu huo zibadilishwe kwa utaratibu uleule uliozipitisha.

Karatasi za wageni nazo zisomeni kwa makini. Za aina hii mara nyingi huandikwa kwa kalamu kwamba fulani ametoa “mchango wa maendeleo ya kijiji”, bila kutaja ukubwa wa eneo, mipaka yake wala tarehe ya mkutano. Risiti ya mchango, hata ikigongwa mihuri mitatu, si hati ya hakimiliki ya kimila.

Kuhusu vijana, wazuieni leo hii. Mgeni aliyelipa na kupewa karatasi huenda naye ametapeliwa, na akijeruhiwa, kesi itakayosikilizwa ni ya jinai, huku aliyepokea fedha akiwa nyumbani kwake. Isitoshe, kumfukuza mmoja hakuzuii mwingine kuja. Mkulima wa ufuta hufyeka pori jipya kila rutuba inapopungua na magugu kumzidi; wafugaji nao wameingia kwa wingi mkoani Lindi tangu mifugo ilipoondolewa Bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, na kila anayefika huambiwa na aliyemtangulia kwamba pori lile halina mwenyewe.

Mgogoro huo upelekeni kwanza kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Baraza hilo husuluhisha tu, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Baraza la Kata nalo limebaki na kazi ya usuluhishi. Ukishindikana, hatua inayofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa kuwa mnaowalalamikia ni pamoja na viongozi wa kijiji, tafuteni msaada wa kisheria kabla ya kufungua shauri lolote. Mashauri mengi ya haki hutupwa kwa sababu yamefunguliwa mahali pasipostahili.

Wakati hayo yakiendelea, mwandikieni Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya mkiomba Afisa Ardhi na Afisa Misitu waje na ramani ya mpango wenu kuihakiki mipaka. Waje kabla ya msimu wa kuandaa mashamba, kwa maana moto ukishapita, alama za rangi zilizopigwa kwenye miti ya mpakani huteketea, na kila upande huanza kuonyesha mpaka wake.